Hewa ya Breki, Hewa ya Honi

Treni haina usukani. Mtu akiwa amesimama katikati ya reli, dereva hawezi kumkwepa kwa kulia wala kwa kushoto. Ana vitu viwili tu vya kumwokoa: breki na honi. Breki ikikamatwa, mabehewa yaliyojaa shaba yataendelea kusukumana kwa mamia ya mita kabla hayajatulia, na penye mteremko hata kilomita nzima itakwisha. Honi haingoji. Mlio wake unakwenda mita 340 hivi kwa kila sekunde, na aliyeusikia akajitoa njiani ameokoka kabla gurudumu lolote halijapunguza mwendo.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa fundi wa hewa kwenye vichwa vya treni vya dizeli, hapa Lubumbashi. Fundi wa hewa ndiye anayeshughulika na kompresa, matangi, mabomba, vali na silinda za breki. Honi nayo iko mikononi mwake, kwa kuwa inakula hewa ileile. Nililojifunza katika kazi hiyo, na ambalo nataka lisomwe na kila mtu anayeishi karibu na reli, ni kwamba honi ni sehemu ya breki. Inastahili kukaguliwa kwa uzito uleule, na kichwa chenye honi mbovu hakina ruhusa ya kutoka karakanani. Katika karakana kadhaa nilizopitia nimeona honi ikiachwa iwe kazi ya mwisho, pamoja na rangi na vioo vya taa. Inaniuma hadi leo.

Ninakaa mtaa wa Lukafu. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea reli inayoanzia baharini, nieleze kidogo kuhusu yetu. Hii ilikuja kutoka kusini, ikaingilia Sakania, na treni ya kwanza ikafika hapa mwaka 1910, mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville. Kampuni mbili zilizoanzishwa mwaka 1906 ndizo zilizougawana: Union Minière ikashika shaba, BCK ikashika reli. Kutoka hapa chuma kikaendelea kutandikwa kwenda kaskazini, kikafika Bukama mwaka 1918 na Ilebo, kwenye Mto Kasai, mwaka 1928. Mwaka 1931 kule Dilolo kikakutana na reli ya Benguela inayoshuka hadi bandari ya Lobito. Tawi la mashariki linaishia Kalemie, na ng'ambo ya ziwa ni Kigoma, kwa hiyo Watanzania ni jirani zetu wa reli.

Mwaka 1974 kampuni za zamani za reli ziliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, leo likiitwa SNCC, lenye makao makuu hapahapa Lubumbashi. Kati ya kilomita 3,641 za njia zake, kilomita 858 zina nyaya za umeme. Umeme wenyewe ulianza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani: mwaka 1952, kati ya Likasi na Tenke. Nyaya zikikwisha, dizeli inashika mzigo. Ukitaka kwenda Ilebo, Kindu au Kalemie, utavutwa na dizeli.

Ndiyo maana mji huu una masikio ya reli. Makomeno ni mtaa wa wafanyakazi wa reli. Timu ya Saint-Éloi Lupopo, iliyoanzishwa mwaka 1939, mpaka leo wachezaji wake wanaitwa Cheminots, yaani watu wa reli, na siku wakikutana na Mazembe mji mzima husimama. Mtoto aliyekulia hapa alijua mlio wa treni kabla ya kujua kusoma.

Sasa tuifungue honi yenyewe.

Kwenye kichwa cha dizeli, injini kubwa inazungusha jenereta ya kuendesha magurudumu, na hiyohiyo inazungusha kompresa. Kompresa inavuta hewa ya kawaida, inaikandamiza, inaisukuma kwenye matangi makuu yaliyofungwa chini ya sakafu. Hewa hukaa humo kwa presha ya kati ya bari 7 na 10. Tairi la gari dogo lina bari 2 hivi, kwa hiyo msomaji anaweza kupima mwenyewe ni nguvu gani iliyolala pale. Kutoka tangini mabomba yanagawanyika: moja kwenda breki, moja kwenda vifuta vioo, moja kwenda vimwaga mchanga vinavyosaidia magurudumu yasiteleze, na moja jembamba linapanda hadi juu ya paa. Mwisho wa bomba hilo ndipo honi ilipo.

Ukiishusha na kuifungua boliti zake nyuma, utakuta kisahani cha chuma, chembamba chini ya milimita moja. Hicho ndicho kiwambo. Kimebanwa pembeni mwake pote, na katikati kimeegemea mdomo wa ndani wa tarumbeta, kikiuziba. Dereva akifungua vali, hewa inajaa katika chumba kidogo na kukisukuma kiwambo kirudi nyuma. Upenyo unafunguka, hewa inafyatuka kuingia tarumbetani, presha ya chumbani inashuka, na kiwambo kwa mnyumbuko wake kinarudi kuziba. Hewa inajaa tena, kinasukumwa tena. Kinafanya hivyo mara mia tatu, mia nne, mia sita kwa sekunde moja. Idadi hiyo ndiyo tunayoisikia kama sauti nene au nyembamba.

Kiwambo peke yake hakiamui sauti. Mwenye amri ni tarumbeta. Hewa iliyomo ndani yake ina mwendo wake wa kutikisika, kulingana na urefu, nacho kiwambo kinalazimika kuufuata. Tarumbeta ndefu inatoa sauti nzito, fupi inatoa sauti kali. Chukua honi mbili za kiwanda kimoja, zenye viwambo vilevile, uziwekee tarumbeta za urefu tofauti: utapata sauti mbili tofauti, na hutazibadili kwa kukaza boliti. Vijana wanaoanza kazi hukaza boliti wakidhani wanarekebisha sauti. Wanachopata ni kiwambo kilichonyongwa, na honi inayotoa mzomo wa hewa tupu.

Kuna maadui watatu wa honi hapa Katanga, na wote nimewatoa humo kwa mkono wangu. Wa kwanza ni vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, likichanganyika na masizi ya moshi wa injini yenyewe. Honi ikifungwa karibu na bomba la moshi, kama baadhi ya viwanda vilivyofanya zamani, inakuwa na ukoko mweusi ndani unaobandika kiwambo na kiti chake. Wa pili ni nyigu. Kichwa kikisimama wiki kadhaa kikisubiri vipuri, nyigu wa udongo wanaona tarumbeta kama nyumba waliyojengewa. Wanaingia, wanajenga vyumba vyao, wanaweka mayai, wanaondoka. Siku kichwa kinapoamshwa, dereva anapiga honi na tarumbeta moja iko kimya. Tulikuwa na waya maalumu wenye ncha iliyokunjwa kwa kazi hiyo, na ilibidi kuangalia vizuri kwanza, kwa sababu wenye nyumba wakati mwingine walikuwepo.

Adui wa tatu ndiye mbaya zaidi: maji. Hewa ya masika, kati ya Novemba na Aprili, imejaa unyevu. Ukiikandamiza na kuipoza, unyevu ule unageuka maji na kukaa chini ya tangi. Kila zamu inatakiwa kufungua koki za chini na kuyamwaga. Wasipoyamwaga, yanasafiri. Yanaingia vali za breki, yanakula chuma, yanaozesha mipira. Na mahali pa kwanza yanapojitangaza ni kwenye honi, inayoanza kugugumia na kutema matone.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisimama nje ya karakana asubuhi, mikono nyuma, na kuwaomba masinisti wapige honi mmoja baada ya mwingine. Masinisti ndilo jina tunalompa dereva wa treni huku kwetu. Mzee hakutazama saa za presha. Alisikiliza tu. Siku moja kichwa kimoja kilipiga mlio mrefu ambao kwangu ulikuwa mzuri kabisa, akanigeukia: "Mwana, unasikia? Hii haiko honi, ni maji." Tukafungua koki ya tangi. Yalitoka maji ya rangi ya kahawia kiasi cha kujaza ndoo, na tulipoendelea mbele tukakuta vali ya breki imeshaanza kushika kutu.

Kutoka kwake nilijifunza kusoma milio. Mlio unaoanza kwa kuchelewa, ukipanda polepole kabla ya kushika sauti yake, unamaanisha presha haitoshi au bomba linavuja mahali. Mlio mkavu wenye mtetemo kama wa bati ni ufa kwenye kiwambo. Mlio unaofifia kadiri unavyopigwa unakwambia kompresa imechoka, haiwahi kujaza kile kinachotumika. Mlio mzuri ambao leo uko chini kidogo kuliko jana usikutishe: angalia baridi kwanza. Sauti inakwenda polepole katika hewa ya baridi, na tofauti ya nyuzi kumi za joto inatosha kuishusha honi kwa kiasi ambacho sikio lililozoea litakitambua. Asubuhi za Juni na Julai, Lubumbashi ikiwa juu zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, vichwa vyote viliamka na sauti nzito.

Msomaji ataniuliza: kwa nini basi dizeli za zamani zina honi zenye sauti mbili, tatu au tano kwa pamoja, badala ya moja? Hapo kuna historia inayofaa kusimuliwa.

Treni za mvuke hazikuwa na honi. Zilikuwa na filimbi. Mvuke ulitoka kwenye upenyo mwembamba wa duara na kugonga ukingo wa kikombe cha shaba kilichofunikwa juu yake, bila kiwambo chochote, jinsi filimbi ya mwanzi inavyolia. Chombo hicho kilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1830, na kwa zaidi ya miaka mia dunia nzima ikakariri kwamba sauti ya treni ni ile. Zilipokuja dizeli, mvuke haukuwapo tena. Hewa ya breki ilikuwapo. Huko Marekani na Kanada wakafunga honi za hewa za sauti moja, nene, zinazofanana na za malori makubwa.

Matokeo yakawa mabaya. Dereva wa gari akiyakaribia makutano ya barabara na reli alisikia mlio, akadhani ni lori nyuma yake, akaendelea. Aliyelishughulikia jambo hilo kwa bidii kuliko wote alikuwa Robert Swanson, Mkanada aliyezaliwa Uingereza mwaka 1905. Alikuwa mkaguzi wa reli katika jimbo la British Columbia, na wakati huohuo mshairi maarufu wa wakata magogo wa kule. Swanson alikuwa na sikio. Alielewa kwamba filimbi nzuri za mvuke zilikuwa na sauti kadhaa ndani ya mlio mmoja, na kwamba mchanganyiko ule ndio uliowafanya watu waseme "treni hiyo" bila kufikiri. Akatengeneza honi ya hewa yenye tarumbeta kadhaa za urefu uliopimwa, zikipiga pamoja, na kampuni yake ya AirChime ikaziuza Amerika ya Kaskazini yote.

Mpaka leo watu wanaopenda reli hutambua honi kwa mpangilio wa sauti zake. Ile maarufu sana ya abiria kule Marekani, K5LA, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1970, ina tarumbeta tano zinazotikisika kwa hezi (yaani mitikisiko kwa sekunde) 311, 370, 415, 494 na 622. Soma hesabu hizo taratibu. Ya mwisho ni mara mbili ya ya kwanza, kwa hiyo ni noti ileile, oktava moja juu. Zile za kati zimepangwa zipatane nazo jinsi besi, tena, alto na soprano zinavyopatana katika kwaya iliyofanya mazoezi. Fundi akiacha tarumbeta moja imeziba, kwaya inabaki na pengo, na mwenye kuizoea analisikia akiwa kitandani.

Ulaya walichukua njia nyingine: honi mbili, moja nene na moja nyembamba, zinazopigwa kwa kupokezana. Huku kwetu Afrika tumepokea urithi wa pande zote, kwa sababu vichwa vyetu vimetoka kila mahali. TAZARA, ile njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ambayo shaba ya Katanga nayo imewahi kuitumia kufika baharini, ilianza na dizeli za Kichina, baadaye ikaongeza za General Electric aina ya U30C. Zambia na reli ya Benguela zilikuwa na U20C za kampuni hiyohiyo. Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kupokea dizeli kubwa za English Electric za daraja la 90 mwaka 1960, zenye nguvu za farasi 1,840. Hapo niongeze jambo dogo. Injini za English Electric zilikuwa na mluzi wao mwingine kabisa, usiotoka kwenye honi: ulitoka kwenye turbo inayosukuma hewa ndani ya silinda, na Uingereza ndugu zao wa daraja la 40 walipewa jina la wapiga mluzi. Mtu akikwambia alipokuwa mtoto alikuwa akisikia dizeli inapiga mluzi njia nzima bila kupumzika, huenda hakukosea. Alisikia turbo.

Kuna kitu kimoja kwenye dizeli za zamani ambacho mpya hazina, nacho ni mkono wa dereva. Kwenye vichwa vingi vya kisasa honi ni kitufe: ukibonyeza inalia, ukiachia inakoma, kila dereva sawa na mwenzake. Zamani ilikuwa ni kamba au mkono wa vali. Masinisti aliweza kuifungua nusu, akaiacha inong'one, kisha akaivuta hadi mwisho, kisha akaishusha taratibu. Kila mmoja alikuwa na namna yake. Wake zao waliijua, watoto wao waliijua. Sisi karakanani tulijua zamu ni ya nani kabla kichwa hakijatokea kwenye kona, na tulijua pia kama mtu ana hasira siku hiyo.

Milio ina sheria zake, nazo zinatofautiana kutoka reli hadi reli. Marekani, treni inayokaribia barabara inapiga mrefu, mrefu, mfupi, mrefu, kuanzia sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika, na sheria inataka nguvu ya mlio, ikipimwa mita 30 mbele ya kichwa, isipungue desibeli 96 wala isizidi 110. Desibeli 110 si mchezo. Fundi anayejaribu honi bila kuziba masikio atalipa baadaye, na wazee wengi wa kazi yetu unalazimika kuwaongelesha kwa nguvu. Lakini mara nyingi milio mifupi ya harakaharaka inayofuatana ina maana moja: kuna kiumbe relini, ondoka.

Na relini kwetu kuna viumbe muda wote. Wanawake wanapita na mizigo kichwani, wanafunzi wanafuata reli kwa kuwa ndiyo njia fupi na haina matope, vijana wanasukuma baiskeli zenye magunia ya makaa yaliyopangwa hadi kupita kimo cha mtu. Makutano mengi ya barabara na reli hayana geti wala mlinzi wala taa. Geti lililopo ni mlio. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba treni inayokuja mbele yako husikika kidogo kuliko unavyodhani. Kelele za injini na magurudumu zinaenda zaidi pembeni na nyuma; mbele kunabaki honi peke yake. Mtu anayetembea katikati ya reli akiwa amempa treni mgongo, na simu masikioni, hana kinga nyingine duniani.

Jaribu siku moja kusimama mahali salama, treni ikipita huku inapiga honi. Ikikujia sauti iko juu. Ikishakupita, papo hapo inashuka. Dereva hakubadilisha kitu. Treni ikija, inayafukuzia mawimbi yake yenyewe na kuyasonga pamoja, yanafika sikioni kwa wingi zaidi, ikiondoka inayanyoosha. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tofauti ya kabla na baada ni kama moja ya kumi ya hezi zake. Mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler, ndiye aliyeieleza hesabu hiyo mwaka 1842. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot akaamua kuithibitisha kwa reli. Akawapandisha wapiga tarumbeta kwenye behewa la wazi, akaweka wanamuziki wenye masikio mazuri kando ya njia, akaamuru treni ipite wakipuliza noti moja. Waliokuwa chini walisikia noti ikibadilika. Kila nikikumbuka habari hiyo nafurahi, maana walipima kwa masikio ya watu waliozoea kusikiliza, kitu ambacho mzee wetu alikifanya kila asubuhi.

Kuna tena lile fumbo la usiku. Watu wa Lukafu na mitaa mingine huniambia kwamba kiangazi treni "inahamia karibu": mchana hawaisikii, saa nane za usiku inalia kana kwamba iko uani. Si ukimya wa usiku peke yake. Usiku wa Juni usio na mawingu, ardhi inapoa haraka, na hewa iliyoigusa inapoa nayo, huku hewa ya juu ikibaki na joto kidogo. Sauti ikipanda na kuingia katika hewa ya joto inaongeza mwendo, na kwa sababu hiyo inapinda kurudi chini. Mlio ambao mchana ungepotelea angani unarudishwa ardhini, kilomita kadhaa mbele. Mchana wa jua kali ni kinyume chake: ardhi ni moto, sauti inapinda kwenda juu, na aliye relini anaisikia honi akiwa amechelewa. Kwa hiyo saa ambazo watu ni wengi zaidi kwenye reli ndizo saa ambazo honi haifiki mbali. Dereva mzuri anajua hilo na anaanza kupiga mapema mchana.

Nirudi kwenye hewa. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma, breki zisiweze kuizuia, ikaenda kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Sisi tunaofanya kazi ya hewa, popote tulipo, tukio hilo tumelibeba. Mabomba ni marefu, viungo ni vingi, na kosa likiwa ndani ya bomba halionekani kwa macho. Lakini kwenye kichwa kuna chombo kimoja kinachoifanya hewa ya tangi isikike, kinachosema kama ni kavu au imelowa, kama inatosha au imepungua. Honi haipimi breki zote za treni, na kipimo cha breki lazima kifanywe kwa utaratibu wake. Ninachosema ni kwamba sekunde tano za kusikiliza kabla ya safari ni kipimo cha bure, na honi inayogugumia haifai kuchekewa wala kuzoeleka.

Zoezi hilo linahitaji watu wanaojua honi ya kichwa fulani inapaswa kulia vipi, na watu hao wanakwisha. Vichwa navyo vinakwisha. Dizeli nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimelala kwenye nyasi za yadi, zikitolewa vipuri mpaka libaki gamba, kisha zinakatwa kwa gesi na kuuzwa kama chuma chakavu. Tarumbeta za bronzi huondoka mapema, kabla hata ya viti, kwa sababu katika mji wa shaba kila mtu anajua bei ya kilo. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi injini za mvuke za ajabu, na ukienda unaweza kuzigusa. Kuzisikia ni jambo jingine. Na kwa dizeli za zamani hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa watu wengi hawazioni kama vitu vya kale. Wanaona mitambo mibovu. Reli mpya za Tanzania zinazotumia umeme nazo zina honi, tena nzuri, ila sauti zake si zile zilizolea vizazi vya Tabora, Voi, Kamina na Makomeno.

Kuhifadhi sauti si kazi ngumu. Anayeishi karibu na yadi ambako dizeli za zamani bado zinafanya kazi anaweza kurekodi kwa simu, akisimama mita 50 hivi pembeni mwa njia, mahali pasipo ukuta wa kurudisha mwangwi, asubuhi kabla ya upepo. Aandike namba ya kichwa, tarehe, mahali, na kama inawezekana amwombe dereva amtajie presha ya tangi wakati ule. Apige picha ya honi ili zihesabike tarumbeta na zionekane zimeelekea wapi. Rekodi moja yenye maelezo hayo inaweza kumsaidia fundi wa kesho kujua kichwa kile kililia vipi kikiwa kizima.

Na kabla kichwa hakijakatwa, honi ishushwe kwanza. Seti ya tarumbeta mbili au tatu mtu mmoja anaibeba. Ikisafishwa masizi, ikabadilishiwa kiwambo na kufungwa kwenye ubao imara, inaweza kukaa katika shule ya ufundi au katika Makumbusho ya Taifa hapa Lubumbashi, na wanafunzi wakaifungua na kuifunga wenyewe, wakaona jinsi tarumbeta ndefu inavyonenepesha sauti. Hakuna haja ya kichwa cha treni ili ilie. Kompresa ya kawaida ya mafundi wanaopaka magari rangi, ile ya bari 8, ikiwa na tangi la lita mia moja, inatosha kuipiga kwa sekunde chache, mradi bomba liwe pana, maji yamwagwe kwanza, na waliosimama karibu wazibe masikio.